Kesho Utakapoaga Bila Mimi

Paskali mwanangu,

Umelala, au umejifanya umelala kama ulivyozoea tangu utoto ili nisikusumbue. Mimi nimekaa hapa mezani, nimeinuka, nimekaa tena. Begi lako nimelifungua na kulifunga mpaka zipu imeanza kulalamika. Habari za soksi, za chapati na za kutokunywa maji ya bomba huko Arua hutazikuta kwenye barua hii. Hayo nimeyasema mchana kutwa na wewe ulikuwa unaitikia tu, ee mama, ee mama, husikilizi hata kidogo. Ninaandika kwa sababu ya lile neno lako la wakati wa chakula.

Ulianza kulisema, ukakwama. Mimi, kama kawaida yangu, nikafungua mdomo nikusaidie, ukainua mkono. Nikanyamaza, na Mungu anajua nilivyojikaza. Kisha likatoka lote.

"Mama, kesho nikiaga kanisani, naomba usiwepo."

Nikakuuliza kwa nini, na hali najua. Ukanieleza polepole kwamba macho yangu yanakusukuma. Ukikwama mbele ya watu unaniona nimeshika pumzi, midomo yangu inatembea pamoja na yako, na neno lililokuwa linakuja linarudi ndani. Ukasema huna hasira na mimi. Nikajibu sawa. Uongo mtupu, haikuwa sawa! Nimeosha vyombo kwa kishindo hadi kile kikombe chako cha bluu kimepasuka sikio, na wewe ulisikia.

Unajua kwa nini inaniuma hivi. Hapa kanisani kwetu Mbuya anayesafiri hasemewi na mtu. Baada ya matangazo anasimama mwenyewe, anasema anakwenda wapi na kufanya nini, anaomba aombewe, ndipo kanisa linamzunguka. Hata watoto wanaokwenda bodingi wanasimama. Na wewe kutoka pale unapanda boda moja kwa moja hadi kwenye basi. Kwa hiyo nisipokuja, tutaachana hapa mlangoni asubuhi na mapema, kama vile umetumwa mkate. Miaka yote hii nimekubeba, nimekulisha sombe ya majani ya muhogo, nimetembeza vikwembe, vitenge vya kuuza, Ntinda nyumba kwa nyumba na saluni kwa saluni ili usome, halafu siku unayosimama kama mwanaume mbele ya watu wa Mungu, mama yako abaki nyumbani. Inanichoma, Papa mwanangu. Nimeshaandika, basi.

Sasa acha nijaribu kuwa mtu mwenye akili.

Nataka kukuambia nilivyofika hapa nilipo na Mungu, maana wewe ulikuwepo karibu safari yote lakini ulikuwa mdogo, umeshikwa mkono, unaburutwa. Nadhani ulijua tulikokwenda. Sidhani ulijua nilikuwa ninatafuta nini.

Tulipofika Kampala kutoka Kongo, wewe na mimi na fuko moja la nguo, nilikuwa na neno moja tu kichwani: uamsho. Kila aliyeniambia kuna mahali Roho anashuka, nilikwenda. Kanisa la turubai, kanisa la ghorofani, kanisa la kwenye gereji ya magari. Nikikaa miezi michache moto ukapungua, au mimi nikauona umepungua, tunahama. Nilikuwa naingia kanisa jipya naketi pembeni, karibu na njia, ili nikiona pamepoa tutoke bila kuwapita watu magotini. Wewe ulikuwa umeshajifunza. Ukiona ninaanza kuvuta mkoba wangu, unavaa viatu.

Na kila mahali nilikuwa ninapeleka kitu kimoja. Kinywa chako.

Watumishi walikipa majina mengi. Mmoja alisema ni roho ya ububu, mwingine akasema ni laana ya upande wa baba. Walikupaka mafuta kooni. Walikushika taya. Mmoja alikupulizia puani, ukapiga chafya, watu wakashangilia kwamba pepo ametoka. Wewe ulicheka siku ile, mimi nikakufinya. Samahani kwa hilo pia, ingawa hata leo nikikumbuka ile chafya nataka kucheka.

Halafu nikagundua kwamba ukiimba hukwami. Basi nikakufundisha wimbo, ukaujua vizuri, na Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Kule walitufundisha kushuhudia kwa imani, yaani unamshukuru Mungu kwa jambo kabla halijatokea, kama vile limekwisha, ili litokee. Nikasema mwanangu amefunguliwa. Nikakusimamisha, ukaimba, kanisa zima likalia machozi. Mchungaji akaruka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniomba maji ya kunywa, ukakwama kwenye neno maji, ukakwama sana, na waumini wenzetu walikuwa wanakuja nyuma yetu. Nikakuambia shusha sauti, wasikusikie.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi mbili. Kumwomba Mungu akuponye, na kuwaficha watu kwamba hajakuponya. Nilikukataza kusema hadharani. Mtu akikusalimu, ninaitikia mimi. Akikuuliza unasoma darasa la ngapi, ninajibu mimi, haraka, na kucheka juu. Ulikuwa na kiu ya kusema kama watoto wote, na mama yako amekaa mlangoni pa kinywa chako kama askari. Nilidhani ninakukinga. Kwa kweli nilikuwa ninaukinga ushuhuda wangu.

Siku ya ule mkutano uwanjani unaikumbuka kuliko mimi. Tulisukumana tangu mchana mpaka tukafika mbele. Mtumishi akakuchukua, akakupa maiki, akasema, "Taja jina lako." Jina tu. Na jina lako linaanza na ile herufi inayokufunga midomo kabisa. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, mkono begani. Mpiga kinanda akajaza kimya kwa muziki, akapiga, akapiga. Watu wakaanza kunong'ona. Nikakubonyeza bega kwa kucha, nikainama sikioni nikakuambia sema, unaniaibisha. Mtumishi akachukua maiki yake, akawaambia watu kwamba mama wa mtoto huyu kuna jambo anaficha.

Ukatoka pale hujasema neno. Ukaenda shule wiki ile hujasema neno, na iliyofuata, hadi shule ikafungwa. Mwalimu wako aliniita akaniuliza kama umekuwa kiziwi. Nikamwambia una malaria.

Ee Bwana. Nimeinuka tena, nimekunywa maji, nimerudi. Unakoroma sasa, kwa hiyo ni kweli umelala.

Nitakuambia na la baba yako. Nilitaka kulikwepa, na nimeona barua hii haitasimama bila hilo. Unajua alikufa vitani, tukiwa njiani. Hujui alikufaje, na hujui kwamba alikuwa na kigugumizi.

Ndiyo. Kama wewe, au zaidi. Watu wa kwetu wanaojua hilo vita viliwatawanya, na picha haisemi. Siku aliyotaka kuniambia ananipenda alichukua mchana mzima, tumekaa nje kwa shangazi yangu, anaanza, anakwama, anaanza, mwisho nikachoka nikamalizia mimi. Nikasema, unataka kusema unanipenda, haya, na mimi nakupenda, twende tukale. Akacheka mpaka akalia. Katika ndoa yetu yote nilikuwa ninamalizia maneno yake na hakuwahi kukasirika, au labda alikasirika, akaona kuniambia kutachukua siku nzima.

Kwenye ile njia kulikuwa na kizuizi. Watu wenye bunduki, vijana wadogo. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Wakamwuliza jina lake. Akaanza. Nilikuwa ninaufahamu ule uso, nilijua neno linakuja, lilihitaji muda kidogo tu. Wale vijana wakaanza kutazamana. Nikalisema mimi. Nikataja jina lake, haraka, na kijiji chake, na kazi yake. Mmoja akaniuliza kama ni mimi aliyeulizwa. Wakasema mtu asiyejua jina lake ni mpelelezi. Wakamweka pembeni, wakatuambia wanawake tutembee. Nikatembea, Paskali. Ulikuwa mgongoni, nikatembea, na baba yako hakutufikia tena.

Mpaka leo sijui kama nilisema upesi mno au nilichelewa. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijui. Labda wangemchukua hata kama angetaja jina lake kama radi. Lakini wewe ulipoanza kusema, na nikauona ule uso wa baba yako kwenye uso wako, midomo imejifunga, jicho limepepesa, mimi sikuona mtoto anayetafuta neno. Niliiona ile njia. Kila mara. Hata leo mezani ulipokwama niliiona. Ndiyo sababu nilizunguka makanisa yote ya Kampala, na nilimwambia Mungu kila kitu isipokuwa hilo. Nilimwamuru, nilimkemea shetani, nilifunga, nilikesha, na kuhusu ile njia sikumwambia neno. Mtumishi yule wa uwanjani alikosea mengi, lakini kwamba nilikuwa ninaficha, alipatia.

Sikusimulii ili uanze kunionea huruma au ubebe mzigo mwingine huko unakokwenda. Ni ili ujue kwamba haraka yangu haikuwa aibu peke yake. Ilikuwa woga.

Basi. Kanisa la Mbuya.

Watu wakinisikia nikiwasifia kanisa letu wanadhani nililiona kwenye ndoto. Hatukufika pale kwa ndoto. Baada ya uwanjani nilikuwa nimechoka na nimekasirika, na jirani yetu Mama Neema, huyu huyu wa dagaa tunazoziita ndagala, alikuwa anakwenda pale kwa miguu kwa sababu ni karibu. Ibada ya Kiswahili ya asubuhi na mapema, wake za wanajeshi na sisi Wakongomani, wala hakuna ngoma ya maana. Nikaingia, nikatazama, nikasema moyoni hapa pamepoa kama uji wa jana. Nikakuketisha mwisho wa benchi kando ya njia, mimi nikafuata, Mama Neema akafuata na mjukuu wake. Tayari nilikuwa nimeuweka mkoba wangu magotini.

Hakuna aliyeniambia desturi yao. Pale masomo hayana msomaji maalumu, yanakwenda kwa mabenchi. Somo hili benchi hili, linalofuata lile, na anayesoma ni yule aliyeketi mwisho kando ya njia. Wenyeji wanajua. Asiyetaka kusoma anajibana katikati, kuna baba mmoja amejibana katikati tangu nimjue. Mimi, kwa ujanja wangu wa kukimbia, nilikuwa nimekuweka pale pale.

Sajini Okot, mpanga zamu, akaja. Wakati ule ndiyo kwanza amestaafu jeshi, bado anatembea kama yuko gwaride. Akakuwekea Maandiko mikononi, yamefunguliwa, kidole kwenye mstari. Nikamrukia. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba huyu hasomi.

"Hajui kusoma?"

"Anajua. Ana kigugumizi."

"Basi anajua," akasema. "Zamu ni zamu."

Na wewe ukainuka. Mpaka leo sijui kwa nini uliinuka. Ulikuwa hujasema na mtu asiye mama yako tangu uwanjani, na hata na mimi ulikuwa unasema kwa kukadiria. Ukaenda mbele na shati lako la shule, ukasimama, ukatazama ukurasa, na kikaingia kile kimya.

Nikaanza kuinuka nije nikusomee. Kweli, nilikuwa nimeshafika nusu. Mama Neema, bila hata kunitazama, akachukua mjukuu wake akanitupia mapajani. Yule mtoto alikuwa mzito, nikaketi. Ndipo nikatazama watu, nikitafuta ni nani anacheka. Hakuna. Hakuna aliyefumba macho kuomba, hakuna aliyekunja uso kwa huruma. Mke wa mwanajeshi mbele yangu alikuwa anamfunga mtoto lemba. Mzee mmoja anajikuna sikio. Walikuwa wanasubiri, kama watu wanavyosubiri chai ichemke, wanajua itachemka. Neno la kwanza likatoka. Likafuata la pili. Somo lilikuwa refu, limejaa majina ya watu na ya miji, ungedhani waliliandika kukukomoa. Kila jina ulipigana nalo. Wale wa ibada ya Kiganda, inayofuata yetu, wakafika, wakakuta hatujamaliza, wakasimama mlangoni na watoto wao, nao wakasubiri. Mjukuu wa Mama Neema akanikojolea. Sikuthubutu kuinuka.

Ukafika mwisho. Ukasema hili ni Neno la Bwana, na hilo nalo likachukua muda wake. Kanisa likaitikia kwa pamoja, ashukuriwe Mungu, kwa sauti ile ile waliyomwitikia msomaji wa Jumapili iliyofuata na wa ile nyingine. Nilingoja makofi. Nilingoja mtu alie, mtu aruke. Sajini akatangaza somo la pili, benchi linalofuata, akaketi.

Ukarudi, shati limelowa mgongoni. Ukaniambia sikioni, "Mama, nimemaliza."

Unafikiri nilifurahi? Nilikasirika! Nilitoka pale nimelowa mkojo na nina hasira za kumpiga mtu. Nilimsubiri Sajini nje nikamwambia amemwonea mwanangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikasema si mgonjwa. Akasema jeshini mtu hashikiwi zamu isipokuwa akiwa mgonjwa, halafu akaniambia benchi letu lina zamu ya kufagia kanisa Jumamosi, na kwamba nije na ndoo yangu maana za kanisa zinavuja.

Nilikwenda kufagia ili nimalizie ugomvi. Nakuambia ukweli. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Sajini hakuwepo, nikafagia, nikapiga deki, nikakaa kwenye lile benchi kupumzika. Hakuna muziki, hakuna mtu. Nikataka kuomba kama nilivyozoea, kwa kupaza sauti na kukemea, nikaona aibu, maana kulikuwa na kuku mmoja mlangoni ananitazama. Nikakaa tu. Nilikuwa ninasubiri nini, sijui. Na ile njia ikaja, na ule uso wa baba yako, na safari hii sikuinuka. Nikaiacha ije. Nikamwambia Mungu jina la baba yako, polepole, mara ya kwanza tangu siku ile. Nililia mpaka nikahitaji kupiga deki tena.

Hakuna malaika aliyeshuka, Papa. Nilirudi nyumbani nikatwanga sombe. Lakini nilirudi Jumapili, na iliyofuata, na nikaacha kuvuta mkoba. Marafiki zangu wa zamani waliniambia nimepoa kiroho. Na mimi nilidhani hivyo, nilikuwa ninajichunguza kila asubuhi kama mtu anayejipima homa. Kazi zangu na Mungu zilikuwa zimekuwa ndogo mno. Kufagia. Kwenda kukaa na Mama Neema alipougua miguu, kumchambulia ndagala zake, tunasali mistari miwili kisha tunasengenya kidogo kisha tunaombana radhi. Kuketi Jumapili na kusikiliza watu wakisoma vibaya, maana wewe hukuwa peke yako, wako wanaosoma kama wanakimbizwa na wako wasioziona herufi. Kungoja sombe iive na kumwambia Bwana nipo hapa. Siku moja nikiwa jikoni nikagundua nimekaa kimya muda mrefu na sijaogopa. Nikagundua pia kwamba miaka ile yote nilikuwa ninamkatiza Mungu kama nilivyokukatiza wewe. Anaanza kunijibu, mimi ninamalizia, ninainuka, nimehama kanisa.

Usifikiri nimepona. Mama yako ni mtu wa kuwashwa, ndivyo nilivyoumbwa. Mwezi uliopita nilipita Ntinda na vikwembe vyangu, nikasikia vipaza sauti vya mkutano, nikasimama, miguu ikaanza kwenda yenyewe. Nilifika hadi getini. Nikakumbuka nina zamu ya kufagia, nikarudi, lakini nilirudi nikinung'unika njia nzima.

Na tazama nilichokufanyia wiki iliyopita. Ulikuja kutoka Wandegeya, umekimbia, na karatasi yako ya kazi mkononi, ukaniambia umepata shule Arua, utafundisha hesabu. Neno la kwanza lililonitoka, mimi mtu wa kanisa, mimi wa kufagia, lilikuwa: "Ualimu? Na kinywa hicho?" Nililiona linavyokuingia. Ulikunja ile karatasi taratibu ukaiweka mfukoni, ukaniuliza kama kuna chakula. Hatukulizungumza tena. Ninajua neno lako la leo mezani lilizaliwa pale. Ungeweza kunijibu kwa ukali na ulinijibu kwa kuomba.

Nisamehe. Nilipaswa kukuambia uso kwa uso, nimezunguka nyumba mchana kutwa na huo msamaha mdomoni, na nimeishia kukuambia habari za soksi. Kwa hiyo na mimi ninakwama, unaona. Sema kwangu watu hawaoni.

Utafundisha vizuri. Kuna mtoto huko Arua ameketi nyuma ya darasa, hajui hesabu na anaogopa kuulizwa, na atampata mwalimu anayejua kungoja. Sikuambii hivyo kukupaka mafuta. Nimekuona ukimfundisha mjukuu wa Mama Neema, yule yule aliyenikojolea, anajibu upuuzi na wewe unatulia tu mpaka mwenyewe anajisahihisha. Mimi ningeshampiga kofi.

Sijui kama utasali huko. Sitakuuliza. Nilikulisha dini nyingi ukiwa mdogo na nyingine ilikuwa woga wangu nimeufunika kanisa juu, na kama utahitaji kuitapika kwanza, nitaelewa, ingawa nitalia. Ninachojua ni hiki kimoja nilichokiona kwa macho: siku ile uliposimama mbele, hakuna aliyekuponya, na ulifika mwisho, na mimi nikaanza kuokoka upya pale, nimeshika mtoto wa watu aliyelowa. Kama utapata mahali wanapokungoja hivyo, kaa hapo hata kama pamepoa.

Barua hii nitaiweka chini ya chapati. Utaikuta ndani ya basi, kwa hiyo utakuwa umeshajua kama nilitimiza au nilikuja kujibanza nyuma ya tangi la maji nikisikiliza. Nimefikiria lile tangi, nisikudanganye. Nimemaliza karatasi yote hii nikilifikiria.

Sitakuja. Nitakufungulia mlango asubuhi, nitakukumbatia, na nitabaki. Mama Neema nimemtumia ujumbe kwamba asije kunisimulia ulisema nini, wala ulichukua muda gani, na kwake hiyo ni adhabu kubwa. Itakuwa mara ya kwanza tangu uzaliwe kwamba umesimama mahali kusema na mimi sijui imekuwaje.

Ukifika, nipigie simu. Najua huipendi simu, kwa sababu watu wakisikia kimya wanasema haloo, haloo, na kukata, na mimi ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Piga tu. Anza unapoweza. Na usiposikia sauti upande wangu, usidhani mtandao umepotea, Paskali. Nipo. Ninangoja umalize.

Mama yako